Mheshimiwa Waziri, rangi iwe ya mwisho

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Rais – TAMISEMI,
Dodoma.

YAH: MATENGENEZO YA SHULE KONGWE ZA BWENI

Husika na somo tajwa hapo juu.

Tunaoandika ni mafundi wa ujenzi, umeme na mabomba wa majengo ya umma. Hatuombi shule mpya. Tunaomba ukarabati wa shule kongwe uanzie darini na chini ya sakafu, na kila shule ibaki na fungu lake la matengenezo baada ya fundi wa mwisho kufunga vifaa vyake na kuondoka.

Kazi ya ukarabati iliyofanyika katika shule za Ilboru, Mzumbe, Tabora, Pugu, Kilakala na kwingineko inaonekana, na mwenye macho haambiwi tazama. Baadhi ya majengo hayo yalisimamishwa enzi za Mwingereza. Tabora ilianza kama shule ya watoto wa machifu, na Mwalimu Nyerere alisoma hapo. Wasiwasi wetu ni kinachofuata baada ya sherehe ya makabidhiano.

Bweni kongwe haliharibiki kuanzia ukutani, huanzia kwenye msumari wa bati. Raba ya msumari hukaushwa na jua mpaka ikapasuka. Tone la mvua linapita hapo, linafuata papi (mbao zinazopigiliwa bati) hadi kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), linalowesha mbao pale zinapoungana, halafu linatua juu ya silingi bodi. Ukiinua macho bwenini utaona doa la rangi ya chai, lenye pete mbili tatu kama gogo lililokatwa. Kila pete ni msimu wa mvua. Fundi mwenye haraka hupitisha rangi nyeupe juu ya doa, picha zinapigwa, na masika inayofuata doa linarudi pale pale. Kumbe lilihitaji kilo chache za misumari ya kofia na siku moja ya mtu mwenye ngazi.

Kwa hiyo kabla ya kopo la rangi kufunguliwa, mtu apande darini mchana na kufunga mlango wa dari nyuma yake. Tundu lolote la bati litang'aa gizani kama nyota, naye aliwekee alama ya chaki. Kisha ashike bisibisi na kuchoma kila kenchi pale inapokalia ukuta. Bisibisi ikizama sentimita moja, mbao hiyo imeoza au imeliwa na mchwa. Itolewe, iwekwe iliyotiwa dawa. Bati jipya liwe geji 28 (geji ni kipimo cha unene; namba ikiwa ndogo bati ni nene). Geji 30 ni rahisi dukani lakini hubonyea fundi akilikanyaga, na maji husimama kwenye kile kibonyeo. Ubavuni mabati yapishane migongo miwili, mwishoni sentimita 15, na msumari upigwe mgongoni, kamwe usipigwe bondeni ambako maji yanapita.

Zipo paa za asbesto pia. Hizo zisikwanguliwe, zisitobolewe kwa keekee wala kusuguliwa kwa brashi ya waya ili zipokee rangi. Kufanya hivyo ni kuwavutisha wanafunzi vumbi linaloleta saratani ya mapafu miaka 20 au 30 baadaye. Karatasi za asbesto hulowanishwa kwa maji yenye sabuni, hufunguliwa parafujo moja moja bila kuvunjwa, hufungwa kwenye nailoni nzito tabaka mbili, kisha huzikwa mahali palipoidhinishwa. Kazi ifanyike wakati wa likizo, na barakoa iwe ya vumbi laini. Ya kitambaa haisaidii kitu.

Kuta tuzipitie haraka. Majengo mengi ya zamani yaliungwa kwa chokaa, nayo chokaa hupumua. Ukilipiga lipu ya saruji tupu unafungia unyevu ndani, na baada ya mwaka mmoja rangi inavimba na kubanduka kama ganda la kitunguu. Lipu ya saruji moja, chokaa moja na mchanga sita inatosha.

Umeme hatuupiti haraka. Katika shule ya sekondari ya Shauritanga, Kilimanjaro, mwaka 1994 tulipoteza kwa moto zaidi ya wasichana 40 bwenini. Katika sekondari ya Idodi, Iringa, mwaka 2009 moto uliua 12, na mshumaa ukatajwa kuwa chanzo. Kwenye bweni ambalo tayari lina umeme, hatari inaingia hivi: nyaya za milimita za mraba 1.5 ziliwekwa kwa ajili ya taa, zikilindwa na sakiti breka ya ampea 10. Wanafunzi wakachomeka pasi kinyemela kwenye holda ya taa. Pasi tatu za wati 1,200 kwa pamoja huvuta karibu ampea 16, breka inakata, bweni linabaki gizani, mlezi analalamika. Fundi wa mtaani anaitwa, naye anaweka breka ya ampea 32 "ili isikatekate." Kuanzia siku hiyo haikati tena. Kinachopata moto sasa ni waya wenyewe, juu ya dari, kwenye vumbi na viota vya panya.

Kupiga marufuku pasi hakujawahi kuzimaliza. Jenga chumba cha pasi nje ya bweni, chenye laini yake ya waya wa 2.5, breka ya ampea 20 na soketi nne, kifunguliwe saa za jioni mlezi akiwepo. Ni nafuu kuliko bweni. Laini zote za zamani zipimwe kwa mega (kifaa cha kupima kama ganda la waya bado linazuia umeme) ya volti 500. Laini itakayosoma chini ya megaomu 1 ing'olewe, na zile nyaya za kale zilizovikwa mpira, ambazo ganda lake humeguka ukizikunja, ziondolewe hata kama zimefaulu kipimo. Kwenye swichi kuu pawekwe kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30, na ethi rodi, chuma kinachopeleka umeme ardhini, ipimwe badala ya kuangaliwa kwa macho. Kazi yote isainiwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na namba ya leseni ibandikwe kwenye mlango wa kisanduku cha breka.

Halafu nondo za madirisha. Ziliwekwa kwa ajili ya wezi, tunaelewa. Wenzetu Kenya, katika mwongozo wao wa usalama shuleni wa mwaka 2008, walikataza nondo madirishani, wakataka milango ya bweni ifunguke kwenda nje na nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2. Mwongozo haukuzuia maafa yote huko, maana karatasi haifungui mlango. Lakini kipimo ni kizuri. Kama nondo haziwezi kuondolewa zote, basi kila upande wa bweni madirisha mawili yawe na nondo za bawaba zinazofunguka nje, zenye komeo la ndani lisilo na kufuli. Mchomeleaji mmoja anaimaliza kazi hiyo kwa siku moja.

Kuhusu maji, tatizo la mara kwa mara ni mabomba ya chuma yaliyoshikwa na kutu ndani hadi tundu la inchi moja likabaki upana wa penseli. Shule hulaumu presha. Kuna kipimo kisicho na gharama: funga koki zote saa 4 usiku, soma mita, isome tena saa 11 alfajiri. Ikiwa imetembea, kuna mvujo chini ya ardhi. Kila jengo liwe na valvu yake ya kufungia, vinginevyo bomba moja likipasuka shule nzima inakaa bila maji. Paa nalo ni chanzo cha maji. Bweni la mita 30 kwa 8, mvua ikinyesha milimita 10, hutoa karibu lita 1,900 hata ukiondoa zinazomwagika. Vyooni uwiano wa tundu moja kwa wasichana 20 na wavulana 25 unajulikana. Kinachosahaulika ni mteremko wa bomba la inchi 4, sentimita 1 kwa kila sentimita 40, na chemba, yaani shimo lenye mfuniko la kuzibulia, kila bomba linapokata kona. Bila chemba, uzibuaji wa kwanza huwa ni kuvunja sakafu.

Sasa fedha. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba jengo linahitaji kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kulijenga upya. Shule ambayo kuijenga leo kungegharimu shilingi bilioni 4 inahitaji, kwa kiwango cha chini kabisa, milioni 80 kwa mwaka. Ruzuku ya uendeshaji iliwekwa kuwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Wanafunzi 800 ni milioni 20, na hizo zinatakiwa pia zibebe mitihani na shughuli za ofisi. Mkuu wa shule hawezi kulaumiwa kwa hesabu hiyo. Na shule kongwe haziko peke yake: madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19 ya mwaka 2021 yameshaingia umri ambao raba za misumari huanza kupasuka.

Nchi tajiri nazo zimeteleza hapa. Agosti 2020 Marekani ilisaini sheria ya kutenga hadi dola bilioni 1.9 kwa mwaka, kwa miaka mitano, kwa ajili ya matengenezo yaliyoahirishwa tu: mabomba, barabara na majengo ya hifadhi za taifa, misitu ya umma, na asilimia 5 kwa shule za watoto wa makabila ya asili. Hata hivyo orodha ya matengenezo yanayosubiri kwenye hifadhi zao bado ilisoma zaidi ya dola bilioni 20, kwa sababu ukarabati wa mara moja hauzuii raba nyingine kupasuka. Lakini wao orodha wanayo, jengo kwa jengo. Sisi tuanze hapo.

Tunaomba, Mheshimiwa, mambo manne. Kila shule kongwe ikaguliwe darini, kwenye nyaya na kwenye chemba kabla ya bajeti kuandikwa, si baada. Fedha za mwisho za fundi, iwe kwa mkandarasi au kwa fosi akaunti (shule yenyewe kununua vifaa na kuajiri mafundi), zizuiwe hadi masika moja kamili ipite juu ya paa lake. Kila shule iajiri fundi mmoja wa kudumu, apewe ngazi, mega, daftari na fungu la matengenezo lisilohamishika kwenda kwenye matumizi mengine. Na michoro ya mabomba na nyaya, kama zilivyowekwa kweli na si kama zilivyopangwa, ibaki ofisini kwa mkuu wa shule. Leo fundi mpya akifika huanza kuchimba kwa kubahatisha.

Kama ukaguzi utaanzia kwenye shule chache kwanza, tunashauri ziwe za bweni la wasichana zenye nondo madirishani, na ufanyike likizo ya Desemba, kabla mvua za Machi hazijafika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mafundi wa ujenzi, umeme na mabomba