Risala ya Klabu ya Maji na Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Uzinduzi wa Tenki la Maji ya Mvua

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, bomba likikauka, wanafunzi hushuka ufukweni na ndoo. Wengi hudhani kuchemsha kunamaliza hatari. Hakumalizi: vimelea vya kichocho, ambao hutoka kwa konokono, hupenya ngozi ya mchotaji akiwa bado amesimama majini. Ndiyo sababu tumegeukia paa.

Paa la jengo hili ni mita 20 kwa 8. Mwanza hupata mvua ya takribani milimita 1,000 kwa mwaka, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tukitoa moja ya tano inayopotea, zinabaki lita 128,000. Tenki utakalozindua leo ni la lita 10,000. Mvua ya milimita 80 inalijaza, inayofuata inamwagika.

Kilichotusumbua zaidi ni gata. Kila mita imeshushwa sentimita moja, kwani ikilala sawa maji hutuama, majani ya mwembe huoza humo na mbu huzaliana. Maji ya kwanza, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, huingia kwenye jaba la lita 80 kabla ya tenki. Jaba hilo lisipomwagwa baada ya kila mvua ni pambo tu, na hapo ndipo matenki mengi ya shule huharibikia. Koki iko sentimita 10 juu ya sakafu ya tenki ili tope libaki chini.

Tenki likijaa, tunakoroga gramu 31 za klorini ya unga ya asilimia 65 kwenye ndoo ya plastiki yenye maji (unga ndio hutiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye unga), tunamimina, kisha tunasubiri dakika 30.

Mheshimiwa, tuko wanafunzi 400. Kwa lita moja ya kunywa kwa kila mmoja, tenki hili linakwisha siku ya 25, na kiangazi cha Juni hadi Septemba kina siku 122. Ombi letu ni moja: tenki la kujengwa la lita 50,000, litakalotufikisha siku 125. Paa lipo, gata zipo, na maji ya masika yanamwagika uwanjani.

Tunaomba kuwasilisha.