Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2010

Ndugu wanachama,

Hesabu mtasomewa na mweka hazina. Michango ilikuja vizuri hadi Agosti, kisha ikalegea, na wanaodaiwa wanajijua. Mimi nitabaki na jambo lililotugawa kwenye kikao cha Septemba, yaani hisa zetu chache za Target, kampuni ya maduka makubwa yenye makao yake hapa Minnesota.

Tarehe 21 Januari 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba makampuni yana haki ya kutumia fedha zao kwenye uchaguzi, mradi wasimkabidhi mgombea mwenyewe. Katazo la makampuni kufanya hivyo lililokuwapo hapa jimboni Minnesota likakosa nguvu. Haukupita muda, kikundi kilichoundwa na wafanyabiashara, MN Forward, kikaanza kulipia matangazo ya kumpigia debe Tom Emmer, mgombea ugavana wa chama cha Republican. Target ikakichangia dola 150,000, na Best Buy, kampuni ya maduka ya vifaa vya elektroniki, dola 100,000. Hoja yao ilikuwa kodi na ajira. Lakini Emmer huyo huyo alipinga ndoa za jinsia moja, na wafanyakazi wa Target ambao ni wapenzi wa jinsia moja, waliozoea kuona kampuni ikidhamini tamasha lao la kila mwaka mjini, waliona wamechezewa shere. Wapo wateja waliorudisha bidhaa dukani. Mwezi Agosti mkurugenzi mkuu wa Target, Gregg Steinhafel, aliwaandikia wafanyakazi kuomba radhi, ila mchango haukurudi. Na Emmer akashindwa, kwa kura zisizofika 9,000 baada ya kuhesabiwa upya, na mpinzani wake wa chama cha Democratic, Mark Dayton, kitukuu cha mwasisi wa biashara iliyozaa Target: fedha za duka zilitumika kumpinga kitukuu wa nyumba!

Najua kuhusu ndoa hizo humu ndani hatuna kauli moja, na sikusudii kuitafuta. Mwanachama mmoja aliuliza kwa nini tulalamike ikiwa fedha zimemfuata mtu anayekubaliana naye. Nilimjibu, na narudia, kwamba mlango huo huo kesho unaweza kumpitishia fedha mgombea anayetaka wahamiaji kama sisi tuondolewe, na hapo pia hakuna atakayetuuliza. Karatasi ya kura tuliyoletewa kabla ya mkutano mkuu wa Target ilitutaka tuchague wakurugenzi na kumthibitisha mkaguzi wa hesabu. Mstari wa michango ya siasa haukuwamo. Tumezijua dola hizo kwa sababu tu sheria ya jimbo inalazimisha zitangazwe. Zingepitia chama cha wafanyabiashara kule Washington kisichotaja wachangiaji wake, tungekuwa tunazungumza mengine leo.

Kamati haikuuza hisa. Tumeiandikia bodi ya kampuni tukiomba kila mchango wa siasa utangazwe kwa wenye hisa, pamoja na sababu zake, na tutaunga mkono pendekezo la namna hiyo likifika kwenye kura. Nakala ya barua iko kwa katibu. Mwanachama asiyeridhika na uamuzi huu amwandikie katibu kabla ya kikao cha Machi, na mwanachama huyo atarudishiwa fungu lake kwa bei ya siku hiyo.