Shosti, kabla hujatoka Chennai

Shosti, za huko? Pole sana na kuuguza. Mama goti linaendeleaje, ameshaanza kukanyagia? Najua nimepotea wiki tatu nzima, sina hata cha kujitetea, we nitukane tu tuendelee.

Nimefanya kituko. Kile kitabu cha Perumal Murugan nilichokuwa nakusumbua nacho, One Part Woman, kile kilichotafsiriwa kutoka Kitamili, nimemwazima Zuhura. Ndiyo, Zuhura huyohuyo. Aliniomba kitu cha kusoma likizo, nikachomoa kabatini bila kufikiri, boda ameshakata kona nacho ndo akili inanirudi: jamani, si kile cha Kali na Ponna, miaka kumi na mbili ya ndoa hawana mtoto! Wanapendana mpaka unawaonea wivu, ila kila shughuli lazima atokee mtu wa kumchoma Ponna, eti mali yenu ataila nani. Halafu ndugu wanampangia aende kwenye sherehe ya hekalu, usiku ule mmoja ambao mwanamke asiyezaa anaruhusiwa kulala na mwanaume asiyemjua, na mtoto akipatikana anahesabiwa katoka kwa mungu.

Ndo watu wa kwao walipochachamaa, wakakichoma moto, mwandishi wa watu kabanwa mpaka Januari 2015 akaandika Facebook kwamba Perumal Murugan mwandishi amekufa, amebaki mwalimu tu. Mahakama Kuu hapohapo Chennai ndo ikaja kumtetea, Julai 2016, ikasema kitabu kama hukipendi kitupe, hujalazimishwa kusoma, na yeye arudi kuandika. Mi nilishangilia kama mpira vile, sasa leo nimekaa naombea Zuhura naye akitupe kabla hajafika katikati.

Maana juzi kanitumia meseji, "Asante kwa kitabu." Basi. Na nukta juu! Zuhura ambaye hata sawa haandiki bila emoji tano. Nimejibu, tiki za bluu, kimya mpaka leo. Na mawifi zake unawajua walivyo, yani hata sijui…

Haya, ombi. Kile kinaishia njiani, sasa jamaa akaandika muendelezo mara mbili, kila kimoja na njia yake: A Lonely Harvest na Trial by Silence. Nitafutie vyote, jaribu Higginbothams pale Anna Salai, lile duka la tangu 1844. Tafsiri ya Kiingereza lakini, usije ukanibebea cha Kitamili nikabaki naangalia jalada. Hela narusha leo.

Halafu nishauri bwana. Nimpigie Zuhura au nijifanye sijui kitu? Au ndo alikuwa anakihitaji, mi najitia presha bure? Kwako hajasema chochote? Na nyie mnarudi lini, daktari kashatoa tarehe?

Msalimie mama sana, mwambie supu yake tumeimisi.