Mafundi, pimeni kwanza ndio mfungue injini

Mhariri, nipatie nafasi kidogo maana hii kitu imenikaa rohoni.

Niko na mashine ya kusaga unga huku Kariobangi, injini ya dizeli ya silinda moja, ile ya kuzungusha na mkono. Ikaanza kusumbua kuwaka asubuhi na ikiwaka ni moshi mweupe mpaka jirani wa mitumba anafunika nguo zake. Fundi akaja, akasikiliza na masikio tu, akasema ringi zimeisha, zile za kuziba hewa pembeni ya pistoni. Pistoni mpya, ringi, laina, 18,000 zikaenda na siku 4 bila kazi, wateja wakahamia kwa mwenzangu. Kuwasha, moshi ni ule ule!

Ndio nikatoa nozo, ile ya kunyunyiza dizeli ndani ya silinda, nikampelekea mzee mmoja Kirinyaga Road mwenye ile pampu ya mkono ya kupimia. Yangu ilifaa kufungua kwa baa 200, ikafungua 130, na badala ya kutoa ukungu ikawa inadondosha kama bomba la ploti. Akabadilisha ncha, akaongeza shimu, kile kipande chembamba cha chuma, juu ya springi, akapiga tena ikalia krr krr. Akanitoza 500 ya kupima, ncha kando. Vijana wanaopenda kuweka kidole mbele waone kama inatoka, wacheni kabisa, dizeli ya presha hiyo inatoboa ngozi na hata ka-alama kadogo kama ka sindano ni ka kukimbizwa hospitali.

Sisemi ringi haziishi. Kompresheni, yaani presha ya hewa ikibanwa ndani ya silinda, ikishuka hewa haipati joto la kuwasha dizeli na moshi mweupe unatoka vilevile, kwa hivyo pima nozo na kompresheni, zote mbili. Lakini geji ya kompresheni ya injini za petroli mara nyingi inaishia psi 300 na injini nzima ya dizeli inaweza kupita psi 400, utaiharibu bure. Ikisoma chini mwaga oili kidogo ndani upime tena, ikipanda ni ringi, ikikataa angalia valvu na gasketi. Kidogo nimesema, juu ya pistoni ya dizeli nafasi ni finyu, ukijaza oili unapinda konrodi, ule mkono unaoshika pistoni.

Sasa wenye mashine wenzangu, fundi akisema ovaholi, yaani kufungua injini yote, mwambie akuonyeshe geji kwanza. Pistoni yangu ya zamani nimeiweka hapo mlangoni, haina hata mkwaruzo, na yule fundi akipita kusalimia huwa anaiangalia lakini haulizi kitu.

Msagaji, Kariobangi, Nairobi