Mkijenga ghorofa, tuachieni mahali pa asumini

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niseme na wenye nyumba wa Mombasa, hasa hawa wanaobomoa nyumba za zamani na kuinua ghorofa. Kazi yangu ni kutunga maua. Nimeirithi kwa mama yangu, naye kwa mamake. Inaondoka mitaani, na wala si kwa kukosa wateja, maana msimu wa harusi ukiingia huwa sipati hata wasaa wa kula. Inaondoka kwa sababu miti ya asumini inakatwa na hakuna anayepanda mwingine.

Msomaji wa bara akisikia duka la maua huenda akawaza mawaridi yaliyofungwa kwenye karatasi inayong'aa. Huku kwetu mwuza maua wa mtaa ni mwanamke aliyekaa na sinia, uzi, bakuli la maji na majani ya mgomba. Kwake utapata kikuba, yaani kishada kidogo cha kunukia cha kubandika kifuani, koja la bwana harusi la kuvaa shingoni, asumini za nywele za bibi harusi na zile za kutandaza kitandani mwao. Atatafutwa pia mzazi akitoka arubaini, mtoto akihitimu Kurani, mahujaji wakirudi kutoka Makka, na jioni ya Maulidi. Kikuba changu nakifunga kwa mrehani, kipande cha mkadi unaonukia, asumini, waridi moja dogo, na maua ya kilua au langilangi nikijaliwa kupata. Kikiwa tayari nakikunja kwenye jani la mgomba ili kisinyauke njiani.

Asumini ina haraka yake. Huchumwa alasiri ikiwa bado imefumba. Jua likizama huanza kufunguka, na hapo ndipo harufu yake hujaa nyumba nzima. Kufika asubuhi imeshakuwa hudhurungi. Waridi la Naivasha hukatwa, likawekwa chumba cha baridi, likapanda ndege mpaka kwenye mnada wa Aalsmeer kule Uholanzi, na bado likamfikia mnunuzi likiwa halijachanua. Sisi hatuna mashamba ya asumini wala vyumba vya baridi. Yetu hutoka uani kwa jirani, hutungwa papo hapo na kuvaliwa usiku uo huo. Ndiyo maana mti ukikatwa mtaani siwezi kusema nitaagiza kwingine.

Na kuitunga kuna adabu yake. Uzi uwe wa pamba, uloe kwanza, kwa sababu wa nailoni hukata. Sindano ipite kwenye kikonyo, isiguse ua lenyewe. Ukilitoboa ua, kabla ya Magharibi litakuwa na doa, na bibi harusi ataonekana na doa hilo kwenye kila picha. Mama hakuniruhusu kushika koja la bwana harusi mpaka alipoona naweza kutunga gizani, umeme ukiwa umekatika, kwa kupapasa tu.

Zamani nyumba nyingi za Mji wa Kale zilikuwa na ua wenye kisima, madebe ya mrehani na mti wa asumini ukutani. Mwenye nyumba alikuachia uchume, nawe ukamrudishia kikuba siku ya Ijumaa. Leo nyumba ikiuzwa, mnunuzi hujenga mpaka mwisho wa kiwanja, na kilichobaki wazi hutiwa saruji au vigae. Hivi karibuni umekatwa mti ambao mama yangu aliuchuma nikiwa mtoto, ili ipatikane nafasi ya tangi la maji. Nilikwenda kumwomba mwenyewe, kwa heshima zote. Akanijibu kwamba majani yake yanachafua. Ilinichoma sana. Tangi lingeweza kuwekwa juu ya paa.

Milango ya nakshi na roshani za Mji wa Kale zina ofisi ya uhifadhi inayozitazama, chini ya Makavazi ya Kitaifa, na nawashukuru kwa hilo. Ninaloomba ni kwamba wanapozungumza na wenye majengo juu ya milango, wazungumze nao juu ya uwanja wa ndani na mti wake wa asumini pia. Wenzetu wanajua thamani ya ua la asumini. Ufilipino ililifanya ua la taifa mwaka 1934. Asumini ya Madurai, kusini mwa India, tangu 2013 inalindwa kwa sheria, asiweze mtu kuuza ya kwingine kwa jina hilo.

Wapambaji wa kumbi sina ugomvi nao. Jukwaa la ukumbi hutakiwa lisimame tangu asubuhi, na maua yao ya plastiki yanafaa kwa hilo. Lakini sasa nimeona kikuba cha plastiki kilichopuliziwa manukato ya chupa, kimebandikwa kifuani kwa bibi harusi wa Mombasa, na nyanya zake wamekaa pale pale. Hilo siwezi kulinyamazia. Kikuba changu ni shilingi 50. Hakuna familia inayolipa ukumbi ikashindwa na shilingi 50. Mniagizie tu siku moja kabla, nipate kuzungukia wenye miti.

Kuna jambo jingine dogo ambalo limenipa moyo. Zamani watu walialikwa harusini kwa mdomo, mtu akipita nyumba kwa nyumba. Zikaja kadi za kuchapisha, na siku hizi kadi ni picha ya simu. Hata hivyo wateja wangu wameanza kutaka kadi ya kushika mkononi, nami hukata kipande cha manila nikakifunga kwenye jani la mgomba kwa uzi ule ule wa maua. Kijana mmoja aliye Doha kazini hunitumia pesa kila mkesha wa Idi, mamake apelekewe kikuba. Maneno ya kadi hunitajia kwa simu, nami huyaandika kama ayasemavyo. Mwaka huu alitaka mamake ajue kwamba mkadi umezidishwa kama apendavyo, na kwamba asimsahau kwenye dua. Mama yule hasomi. Mjukuu ndiye aliyemsomea, nami nikasimama mlangoni mpaka amalize.

Wenye ghorofa, asumini haitaki shamba. Debe la mafuta lililotobolewa chini latosha, likiwekwa roshani panapopiga jua. Ikatieni asumini matawi baada ya kuchanua, ndipo itoe maua zaidi. Vipandikizi ninavyo na siviuzi. Mvua za masika ndizo nzuri kwa kupandia, kwa hiyo anayetaka aje mapema na kopo lake la udongo, kabla ya alasiri, kwa kuwa baada ya hapo mikono yangu imo kwenye uzi. Aulize mtunga maua upande wa soko la Marikiti, ataonyeshwa.

Mtunga maua,
Mji wa Kale, Mombasa