Mazoezi ya GRE Jumamosi

Assalaam aleikum jamaa. Jumamosi baada ya Isha tunaendelea na GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, baraza ile ile karibu na Ngome. Wa Shela pangeni boti ya kurudi mapema, usiku bei hupanda.

Wiki iliyopita tulizama kwenye maswali ya kuchagua maneno mawili kati ya sita ya kujaza pengo la sentensi. Wengi wetu, na mimi nimo, tulikimbilia maneno yanayofanana tukaisahau sentensi yenyewe. Safari hii ziba majibu kwa kiganja, jaza pengo kwa neno lako, hata la Kiswahili, ndipo uangalie walichokupa. Ukipata moja tu kati ya mawili, huna alama. Na lile "sanction" lililotugombanisha: ni kuidhinisha, na pia ni kuadhibu. Sote tulikuwa sawa, kumbe kelele zote zile za bure!

Tutapima kwa saa ya simu: maswali 12 dakika 18, kisha 15 dakika 23. Usiache swali tupu, kukosea hakupunguzi alama.

Kahawa juu yangu. Mahamri alete aliyechelewa juzi, mwenyewe anajijua.