Usiku wa Karibi hauonekani kutoka melini

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa wenu wa safari makala inayowashauri wasomaji wenye uwezo, hasa wanaokwenda kuwatembelea jamaa zao Marekani, wapande meli ya kitalii huko Florida na kuvizunguka visiwa vya Karibi kwa siku saba. Makala imesifu fukwe, vyakula na burudani ya kila usiku. Kuhusu fukwe sina neno. Kuhusu burudani naomba nafasi, kwa sababu nilifanya kazi jikoni katika meli za aina hiyo kwa miaka sita, na wengi wa abiria niliowapikia walizizunguka nchi zenye kumbi za maonyesho za zaidi ya karne moja bila kukanyaga hata mmoja.

Kinachowazuia ni ratiba. Aghalabu meli hufunga gatini asubuhi, na abiria hutakiwa wawe wamerejea alasiri kwa kuwa saa kumi na moja au kumi na mbili jioni inaondoka, ilhali huko mjini pazia hufunguliwa usiku. Ratiba hiyo haikupangwa hivyo kwa bahati mbaya. Kwa kawaida kasino na maduka ya melini yasiyotozwa ushuru hufungwa meli inapokuwa bandarini, kwa hiyo kila saa ya usiku ambayo abiria anaitumia mjini ni saa ambayo mwenye meli haingizi kitu. Badala yake abiria huwekewa ukumbi ndani ya meli, na katika meli kubwa ukumbi huo una viti zaidi ya elfu moja, na humo huonyeshwa michezo ya nyimbo ya mtindo wa New York. Michezo hiyo huandaliwa kwa ustadi, sikatai, lakini ingeweza kuonyeshwa katika bahari yoyote, hata hapa kwetu mbele ya Tanga.

Tuchukue Jamaika. Meli nyingi huishia Montego Bay, Falmouth au Ocho Rios, katika pwani ya kaskazini, ilhali kumbi zenye historia ziko Kingston, upande wa kusini. Huko Ward Theatre imesimama tangu 1912, ikiwa zawadi kwa jiji kutoka kwa tajiri wa biashara ya ramu, Charles James Ward, baada ya ukumbi uliokuwa mahali hapo hapo kuangushwa na tetemeko la ardhi la 1907. Mwaka 1941 kikundi cha Little Theatre Movement, kilichoanzishwa na Greta na Henry Fowler, kilianza kuonyesha humo mchezo wa kila mwaka wa nyimbo na vichekesho, ambao Wajamaika huuita pantomaimu, kwa nia ya kuchanga fedha za kujenga ukumbi wake chenyewe, Little Theatre, nao ukafunguliwa 1961. Mtindo huo ulitoka Uingereza, lakini Louise Bennett na Ranny Williams waliupindua, wakaupa lugha ya watu wa mitaani na kumwingiza Anansi, buibui mjanja aliyevuka bahari pamoja na watumwa kutoka nchi ya Waakani, Afrika Magharibi, ambaye msomaji aliyelelewa na hadithi za sungura hatahitaji kutambulishwa kwake. Kwa desturi pantomaimu hufunguliwa tarehe 26 Desemba, yaani wakati uleule ambao watalii wamejaa kisiwani, na bado ni wachache kati yao wanaopata habari. Mwenye kusafiri katikati ya mwaka naye ana lake, kwani kikundi cha taifa cha dansi, kilichoundwa na Rex Nettleford na Eddy Thomas mwaka 1962, mwaka wa uhuru, kwa kawaida huwa na msimu wake wa maonyesho Little Theatre kati ya Julai na Agosti. Jengo la Ward lenyewe limechakaa, na kwa miaka mingi halijatumika kama zamani, jambo linalosikitisha unapolitazama kutoka bustani iliyo mbele yake.

Wageni wa hoteli za kaskazini huonyeshwa limbo kando ya bwawa la kuogelea, mchezaji akipita chini ya ufito unaowaka moto. Wachache huambiwa kwamba huko Trinidad limbo ilikuwa ngoma ya mikesha ya matanga. Sidai kwamba ngoma ya msiba haiwezi kugeuka ya furaha, maana hata kwetu zimegeuka. Nadai tu kwamba mgeni aliyelipa ana haki ya kujua anachokitazama.

Nikitaja Trinidad nitarefusha kidogo, mniwie radhi. Mkataba wangu wa mwisho ulipokwisha sikurudi nyumbani moja kwa moja, bali nilikaa Port of Spain, mji mkuu wake, wiki mbili kabla ya Kanivali, sherehe kubwa ya mitaani inayotangulia Kwaresima, na huko nikajifunza kwamba ukumbi bora wa maonyesho katika Karibi nzima hauna paa wala pazia. Ni uwanja wa mazoezi wa bendi ya ngoma za chuma, ambao wenyewe huuita panyard. Katika miaka ya 1880 serikali ya kikoloni ilizibana kwa sheria ngoma za kuwambwa ngozi. Watu wakageukia mianzi, wakiigonga ardhini na kuipiga kwa vijiti. Kisha kuelekea mwisho wa miaka ya 1930 wakaingia kwenye makopo, mapipa ya taka na hatimaye mapipa ya mafuta, ambayo hufinyangwa kwa nyundo mpaka kila kibonyeo kitoe sauti yake. Bendi kubwa huwa na wapigaji karibu mia moja au zaidi, wengi wao watu wa kazi zao za mchana, makarani, mafundi, wanafunzi. Nilikwenda usiku baada ya usiku bila kudaiwa kiingilio, nikasimama kando ya muuza doubles, mikate miwili laini yenye rojo la dengu iliyobuniwa na wenye asili ya India, nikamwona kiongozi akiwarudisha wapigaji kwenye kipande kilekile kifupi cha wimbo mpaka kikakaa. Fainali ya mashindano yao, Panorama, yaliyoanza 1963, hufanyika Queen's Park Savannah usiku wa Jumamosi kabla ya Kanivali, na tiketi yake ni ya kulipia. Lakini kwa sikio langu uwanja wa mazoezi unalishinda jukwaa.

Jiji hilo lina pia jumba kubwa la serikali la sanaa za maonyesho, lililojengwa na kampuni ya Kichina na kufunguliwa 2009. Ni la kifahari. Mimi nilivutiwa zaidi na Little Carib, ukumbi mdogo wa mtaa wa Woodbrook ulioanzishwa 1948 na mcheza ngoma Beryl McBurnie.

Havana, mji mkuu wa Kuba, nayo haifai kutazamwa mchana tu. Katika jumba linalobeba jina la Alicia Alonso, aliyeanzisha kikundi cha baleti mwaka 1948 na kucheza kwa miaka mingi huku macho yake yakififia, kumeunganishwa ukumbi uliofunguliwa tangu 1838. Kwa muda mrefu mgeni amelipa humo mara nyingi zaidi ya mwenyeji, utaratibu ambao sisi wenye hifadhi za wanyama hatuna ubavu wa kuulalamikia.

Bandari ambayo naweza kuwalaumu abiria wenyewe ni San Juan ya Puerto Rico. Huko baadhi ya meli hukawia mpaka usiku, na Teatro Tapia, iliyofunguliwa 1832, iko mwendo wa miguu kutoka gatini. Niliwaona wakipita mbele yake na mifuko ya maduka, wakiwahi chakula cha jioni melini, ambacho tulikuwa tumekwisha kukipakua.

Naomba basi, makala ijayo ya Karibi iwaeleze wasomaji jinsi ya kulala Kingston au Port of Spain usiku tatu au nne, na iweke tarehe za misimu ya maonyesho pamoja na bei za vyumba. Tarehe za Kanivali hubadilika kila mwaka kwa kufuata Pasaka, kwa hiyo anayekusudia kwenda aanze kuuliza vyumba miezi mingi kabla.

Mpishi wa meli mstaafu,
Tanga.